London na kumbukumbu za wapiganaji: Nani huandikwa ukutani?

Katika mtaa wa Taviton, eneo la Bloomsbury katikati ya jiji la London, kibao cha mviringo cha rangi ya buluu kimebandikwa kwenye ukuta wa nyumba namba 4. Kinamkumbuka Noor Inayat Khan, binti wa baba Mhindi na mama Mmarekani, aliyeondoka katika nyumba hiyo mwaka 1943 kwenda Ufaransa iliyokuwa ikikaliwa na majeshi ya Ujerumani.

Noor alikuwa mpiga simu za upepo wa SOE, idara ya siri iliyoundwa na Uingereza mwaka 1940 kusaidia harakati za upinzani katika nchi zilizotekwa. Alisalitiwa, akakamatwa, na mwezi Septemba mwaka 1944 akauawa katika kambi ya Dachau. Nishani ya George Cross alitunukiwa mwaka 1949. Sanamu yake katika bustani ya Gordon Square ilizinduliwa mwaka 2012, na kibao kilifuata mwaka 2020, miaka 76 baada ya kifo chake.

Mwenzake, Violette Szabo, aliyeuawa katika kambi ya Ravensbrück mwaka 1945, alipata kibao chake mtaa wa Burnley, Stockwell, mwaka 1981. Sura yake ndiyo iliyo juu ya mnara wa SOE uliojengwa mwaka 2009 kando ya mto Thames.

Kumbukumbu hizi zinatofautiana na zile za Paris. Huko, vibao vingi viko pale pale wapiganaji walipopigwa risasi mwezi Agosti mwaka 1944. London haikutekwa, hivyo kuta zake huonyesha mahali mashujaa walipoishi, si walipoanguka.

Sharti la anwani

Tofauti hiyo ina uzito kwa Waafrika Mashariki. Mpango wa vibao vya buluu ulianza mwaka 1866 na tangu mwaka 1986 unasimamiwa na shirika la English Heritage. Majina hupendekezwa na wananchi wa kawaida. Anayependekezwa sharti awe amefariki dunia miaka 20 iliyopita au zaidi, na nyumba aliyoishi London iwe bado imesimama.

Kwa utaratibu huo, Jomo Kenyatta, aliyefungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1953, ana kibao chake mtaa wa Cambridge, Pimlico, alikoishi miaka ya 1930. Dedan Kimathi, aliyeongoza vita vya msituni na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, hakuwahi kuwa na anwani London. Hawezi kupata.

Lakini anwani si sababu pekee. Noor na Szabo walipigana dhidi ya adui wa Uingereza. Kimathi alipigana dhidi ya Uingereza yenyewe. Aliyeitwa shujaa wa upinzani upande mmoja aliitwa gaidi upande wa pili, ingawa wote walidai jambo moja: mgeni mwenye silaha aondoke katika ardhi isiyo yake.

Mwezi Juni mwaka 2013, serikali ya Uingereza ililieleza bunge mjini London kuwa inasikitishwa na mateso waliyopata Wakenya wakati wa hali ya hatari, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228. Iligharamia pia mnara wa kumbukumbu. Mnara huo ulizinduliwa mwaka 2015 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Majuto yalitamkwa London, lakini jiwe likawekwa mbali na macho ya wakazi wa London.

Lawama za nyumbani

Hata hivyo, lawama zote haziwezi kutupwa ng'ambo. Sheria ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau ilibaki katika vitabu vya Kenya huru hadi mwaka 2003. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi mwaka 2007, nusu karne baada ya kunyongwa kwake.

Nao waliopigana upande wa Uingereza hawakupata heshima sawa. Mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, waliokufa kutokana na Vita Vikuu vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Afrika Mashariki wamo katika hesabu hiyo. Askari wa shaba aliyesimama Dar es Salaam tangu mwaka 1927 anawawakilisha wengi, lakini hana jina.

Historia ya Noor inaonyesha kuwa kumbukumbu haiji yenyewe. Sanamu yake ilitokana na michango ya watu walioidai kwa miaka kadhaa. Kwa Waafrika Mashariki waishio Uingereza, mlango wa mapendekezo uko wazi. Kwa wale ambao sharti la anwani linawafungia nje, njia iliyobaki ni kudai mnara wao, huku wanaokumbuka majina yao wangali hai.