Elimu ya Kompyuta Ivuke Maji

Mwaka 1974 una mambo mawili ambayo watu wa Mara hawana budi kuyakumbuka kwa pamoja. Novemba mwaka huo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana hapa Musoma na kutoa Azimio la Musoma, lililoagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule apate nafasi katika shule ya msingi. Mwaka uo huo Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila ya kibali maalumu. Mashine zilizoanza kufungwa Hazina mwaka 1965 zilikuwa zimeleta gharama na vurugu za hesabu badala ya manufaa yaliyotarajiwa.

Wako wanaolicheka katazo lile leo. Sisi hatulicheki. Kosa lililoleta katazo halikuwa la mashine; lilikuwa la kununua mashine kabla ya kuandaa watu. Waliozijua walikuwa wageni, na wenyeji walibaki kuwa watazamaji. Swali la kujiuliza sasa, zaidi ya miaka hamsini baadaye, ni kama tumeacha kulirudia kosa lile.

Katika jambo moja tumeliacha. Mfumo wa ununuzi wa umma uitwao NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, umetengenezwa na Watanzania. Huo ni ushahidi kwamba vijana wetu wanaweza kuandika programu zinazobeba kazi za Taifa. Lakini ukisimama kwenye mwalo wa Mwigobero, pale mashua za Kinesi na za kisiwa cha Rukuba zinapotia nanga, huna budi kuuliza: kijana ashukaye hapa na ndoo ya dagaa, mwenye cheti cha kidato cha nne na simu mfukoni, ataingilia mlango gani?

Vijana wengi wa namna hiyo huambiwa kwamba mlango ni cheti. Hapa tunaomba wazazi na viongozi watusikilize kwa makini. Vyeti vya kimataifa vya ufundi wa kompyuta ni vitu vya kweli, na waajiri wengi huviheshimu. Lakini kile kiitwacho CompTIA A+, cha ufundi wa awali, kina mitihani miwili, na kila mmoja hugharimu zaidi ya dola 200 za Marekani. Cheti cha CCNA cha kampuni ya Cisco, kihusucho mitandao, kina mtihani wa dola 300 hivi. Vyote viwili huisha nguvu baada ya miaka mitatu visipohuishwa, na hakuna kati yake kinachotahiniwa kwa Kiswahili. Familia iuzayo nyavu ili kulipia mtihani ambao mtoto hajawa tayari kuufanya imepoteza nyavu, na huenda ikapoteza na imani ya mtoto.

Kwa hiyo utaratibu ufaao ni huu. Mwanafunzi kwanza ajifunze kazi, ndipo atafute cheti cha kuithibitisha. Masomo ya mwanzo ya kuandika programu yanapatikana bila malipo; hata Chuo Kikuu cha Harvard hutoa somo lake la utangulizi bure kwa yeyote atakaye kujifunza. Lugha ya Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, haina ada wala leseni ya kununua, na hutumika kwenye kompyuta ya bei nafuu. Atakayeshinda na kazi hiyo kwa mwaka mzima, akaharibu na kutengeneza, atajua mwenyewe kama mtihani unamfaa, na ni upi.

Lakini ajifunze kwa mfano gani? Historia ya visiwa vyetu ina jibu. Mwalimu Nyerere alipotangaza mwishoni mwa mwaka 1970 wilaya sita zitakazotangulia kufuta ujinga wa kusoma na kuandika, Ukerewe na Mafia zilikuwamo. Watu wa visiwani hawakuachwa mkiani. Waliwekwa mstari wa mbele. Na katika mradi wa kisomo cha kazi uliofanyika mikoa ya Ziwa tangu mwaka 1968, vitabu vya kusomea viliandikwa kwa kufuata kazi ya msomaji: mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, na mvuvi habari za uvuvi. Mtu alijifunza herufi akiwa ndani ya shughuli aliyoijua.

Kompyuta nayo ifundishwe hivyo. Chukua idadi ya abiria katika mashua. Programu ya kuihesabu huanza na sifuri. Kila abiria akipanda, inaongeza moja na kuandika jina lake. Kabla ya kuongeza, inauliza: je, kikomo kimefika? Kama kimefika, inakataa. Katika mistari isiyozidi ishirini mwanafunzi amekwisha kujifunza mambo matatu ambayo ni msingi wa kazi yote: kuhifadhi hesabu, kurudia tendo, na kuamua kwa sharti.

Mfano huo hatukuuchagua kwa kupamba maneno. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na waliokufa walizidi 220. Tusidanganyane kwamba programu ingevizuia vyombo hivyo kuzama. Chombo huzuiwa na nahodha anayetii sheria na ofisa anayeisimamia. Lakini orodha iliyo sahihi humnyima mvunja sheria mahali pa kujificha, na humpa mfiwa jibu. Nani atakuwa na uchungu wa kuiandika orodha hiyo vizuri kuliko kijana ambaye mama yake husafiri kwa mashua hizo?

Lipo pia suala la lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili fasaha. Ilidhihirika kwamba lugha yetu haishindwi na kompyuta. Kiingereza cha mitihani kitajifunzwa, kwa kuwa ndicho kinachotahini. Lakini maarifa yenyewe yaelezwe kwanza kwa lugha ambayo mwanafunzi anaiwazia.

Kwa viongozi wa halmashauri tuna mapendekezo manne. La kwanza, pale shule ya sekondari ilipo na kompyuta, chumba chake kisifungwe saa nane mchana. Kifunguliwe jioni kwa vijana waliomaliza shule, chini ya msimamizi. La pili, mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, ivifikie pia vikundi vya vijana wanaojifunza kazi hii, sawa na vikundi vya ufugaji na ushonaji. La tatu, masomo yanakiliwe na kupelekwa visiwani katika vifaa vya kuhifadhia, ili mtandao hafifu usiwe kisingizio, na umeme wa jua utumike pale nguzo hazijafika. La nne, kila halmashauri ichague tatizo moja dogo la kwake, kama vile ushuru wa mwalo au orodha ya abiria, na kuwapa vijana wake walijaribu kabla ya kuita kampuni ya mbali.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tunasema: msimkatishe tamaa kijana aketiye mbele ya kompyuta saa nyingi bila ya kuonekana amezalisha kitu. Anayefuma wavu naye huonekana amekaa tu, mpaka siku wavu uingiapo majini. Ila mwulizeni kila mwezi awaonyeshe alichofuma.

Azimio la Musoma halikusubiri shule zote zijengwe kwanza. Watoto wengine walianza masomo chini ya miti. Elimu hii nayo isisubiri majengo. Ianze na chumba kimoja, mwalimu mmoja na tatizo moja la kweli, hapa Mwigobero, na mashua iondokayo asubuhi iipeleke Rukuba.