Tusipake usoni tusichoweza kukisoma

Tamaa ya kuwa na uso laini si dhambi, wala haikuzaliwa jana. Wanawake wa mwambao wetu wamejipaka liwa tangu zama za mabibi zao na hakuna aliyewalaumu. Kinachotia wasiwasi siku hizi ni kingine. Madukani na hata kwa wachuuzi wa kando ya barabara zimejaa chupa ndogo za asidi ambazo wanafunzi wetu, na walimu wao pia, wanajipaka usoni bila ya kuelewa yaliyoandikwa juu yake.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Chunusi sugu ni za kupelekwa kwa daktari. Hata hivyo, tatizo hili kwa kiasi kikubwa ni la maneno. Tunalo neno "tindikali", lakini magazeti yamelizoesha kwa habari za watu waliomwagiwa wakaungua. Tunalo pia "kujichubua", nalo limegandana na mkorogo. Anayetaka kutaja asidi hafifu ya kuondoa ngozi iliyokufa hukosa neno, akakimbilia Kiingereza. Hapo ndipo muuzaji mjanja anapopata mwanya wa kuuza kitu kimoja kwa jina la kingine. Napendekeza tuziite asidi za kuambua, ili zisichanganywe na vitu vya kujichubua.

Tofauti yenyewe si ndogo. Juu ya ngozi kuna tabaka la seli zilizokufa, na ngozi hujifanya upya kwa muda wa wiki nne hivi. Asidi za kuambua hulegeza kile kinachozishikanisha seli hizo, zikabanduka. Mkorogo hushambulia rangi ya ngozi yenyewe, na mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, lakini hadi leo vingali vinapenyezwa sokoni.

Asidi za kuambua nazo hazilingani. Glaikoliki, ambayo hupatikana katika miwa, ina molekuli ndogo kuliko zote za jamii yake. Kwa hivyo hupenya upesi na huwasha zaidi. Laktiki, ile ya maziwa yaliyoganda, ni pole zaidi na huifaa ngozi kavu. Mandeliki, yenye asili ya lozi chungu, ina molekuli kubwa na huingia taratibu. Salisiliki ni ya ukoo mwingine: huyeyuka katika mafuta, ikaingia ndani ya vinyweleo vilivyoziba. Hiyo ndiyo imfaayo mwenye uso wa mafuta na chunusi, kwa kiwango cha asilimia 0.5 hadi 2. Asiyepatana na aspirini aiepuke, kwani dawa hizo mbili ni ndugu.

Mnunuzi atafute tarakimu mbili kwenye lebo: asilimia ya asidi na pH. Jopo la wataalamu wa vipodozi nchini Marekani liliamua kwamba glaikoliki na laktiki ni salama kwa mtumiaji wa kawaida zisipozidi asilimia 10, pH isiposhuka chini ya 3.5, na ngozi ikikingwa na jua. Aliyesoma kemia anajua kuwa pH ya 3 ina ukali mara kumi kuliko ya 4. Ndiyo sababu wanaojisugua ndimu usoni kwa kuamini kuwa kitu cha asili hakidhuru wanajidanganya. Maji ya ndimu yana pH ya karibu 2, hayana kipimo, na yakipigwa na jua huweza kutoa malengelenge.

Suala la jua halina mzaha kwetu sisi tunaoishi kwenye Ikweta. Asidi za jamii ya glaikoliki huifanya ngozi iungue upesi, na udhaifu huo huendelea kwa takriban wiki moja hata baada ya mtu kuacha. Tena, ngozi nyeusi ikiungua huacha madoa yanayodumu miezi mingi. Asiyeweza kununua mafuta ya kukinga jua, basi asinunue asidi. Aliye nayo yote mawili aanze na asidi moja tu, usiku, mara mbili kwa wiki, baada ya kuijaribu ndani ya mkono kwa siku moja au mbili. Aliyewahi kutumia mkorogo amwone daktari kwanza, maana huenda ngozi yake imekuwa nyembamba.

Lakini ushauri huu wote utamfaaje asiyeweza kusoma lebo? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike na bidhaa. Habari iliyoandikwa kwa Kifaransa au Kikorea ni haki gani hiyo? Wapo watakaosema kwamba wanafunzi wetu wanasoma Kiingereza. Naam, lakini Kiingereza cha insha si kile cha maabara, na si wanunuzi wote waliopita shuleni.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lidai kwamba kila chupa ya asidi ya uso ionyeshe kwa Kiswahili mambo matatu: jina la asidi, asilimia yake, na tahadhari ya jua. Walimu nao wasingoje sheria. Mwalimu wa kemia na mwenzake wa Kiswahili waingie darasani na chupa tupu, mmoja aeleze pH na mwingine aongoze tafsiri ya lebo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chupa isiyotaja kilichomo ndani, mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi inajitembeza, na mahali pake si usoni pa mtoto wa mtu.