Radari inaona pori la Okapi kupita mawingu, lakini nani atafika mbio?

Niania – Katika teritware ya Mambasa, mvua na mawingu ni mambo ya kila siku. Kwa satelite za foto za kawaida ni kizuizi: wingu likifunika pori, foto haionyeshe kitu. Ni juu ya hiyo pori la Congo linachunguzwa sasa na radari. Satelite ya Ulaya inayoitwa Sentinel-1, iliyorushwa mwaka 2014, inatuma mawimbi yanayopita ndani ya mawingu, usiku na mchana. Toka 2021, chuo kikuu cha Wageningen, Uholanzi, kinatumia foto zake kutoa tahadhari za miti iliyokatwa katika Bonde la Congo.

Lakini radari haileti foto iliyo tayari. Inaleta mwangwi, na ordinateri inapashwa kufanya hesabu nyingi sana mbele ya foto kuonekana. Ndiyo sababu mainjinia wanatumia FPGA, kipande kidogo cha elektroniki ambacho njia zake za ndani zinaweza kupangwa upya kufuatana na kazi. Ordinateri ya kawaida inafuata hesabu moja kisha ingine. FPGA inafanya nyingi kwa mara moja, tena kwa umeme kidogo, na inaweza kuwekwa ndani ya satelite yenyewe.

Hifadhi ya Okapi ina kama kilometa za mraba 13 700. Kwake, FPGA inaweza kupunguza masaa. Lakini satelite moja inarudia njia yake kila siku 12, na tahadhari inangojea foto zingine ili ihakikishwe. Kisha walinzi wa ICCN wanapashwa kufika, kwa barabara ya taifa nambari 4 ao kwa miguu porini. Siku nyingi zinapotelea hapo.

Tena, radari inaona miti imeanguka, haijue nani aliiangusha. Shamba la mihogo la mama na machimbo ya dhahabu yanaweza kufanana. Tahadhari ikifika mbio bila kuuliza kijiji, mlimaji anaweza kuadhibiwa kwa kosa la mwenye masini.

Hasira hizo si mchezo. Mwezi wa sita 2012, kundi la Morgan lilishambulia Epulu, likaua watu na okapi 14. Kwa hiyo swali ambalo wakaaji wanaweza kuwauliza ICCN na viongozi wa sheferi ni hili: tahadhari ikifika, nani kijijini anaitwa kwanza kuhakikisha?