Mwenye Kosa Naye Ana Haki: Neno Moja la Kiingereza na Maana Zake Nyingi



Kamusi ni rafiki mwema, lakini ni rafiki asiyejua unakokwenda. Ukiitafuta humo maana ya neno la Kiingereza 'right', utamwagiwa maneno mengi: haki, sahihi, sawa, kulia, nyoofu, barabara. Baada ya hapo kamusi hunyamaza, na kazi ya kuchagua inabaki mikononi mwako. Ndiyo maana katika insha ninazosahihisha hukutana mara kwa mara na sentensi kama "Wewe ni haki", hali mwandishi alikusudia kusema "Umesema kweli". Wengi huliona hilo kuwa kosa dogo la msamiati. Mimi nashikilia kwamba chini yake limejificha kosa la uraia, nalo ni kosa kubwa.

Ili tulione vizuri, naomba tuiazime lugha ya mbali, Kitagalogi cha Ufilipino. Siichagui kwa kubahatisha. Wafilipino walitawaliwa na Wahispania kwa zaidi ya miaka 300, kisha Wamarekani wakaingia mwaka 1898 na kukipeleka Kiingereza katika shule na ofisi zao. Hata leo, kwa mujibu wa katiba yao ya mwaka 1987, lugha ya taifa ni Kifilipino, ambacho msingi wake ni Kitagalogi, na Kiingereza ni lugha rasmi pia. Mwanafunzi wa Manila, kama wewe wa Kampala au Mbarara, husoma sheria kwa Kiingereza na kuishi kwa lugha nyingine. Yeye naye hulazimika kulipasua neno hilo moja kila siku.

Tuanze na maana iliyo nyepesi, yaani upande. Kitagalogi husema 'kanan', Kiganda husema 'ddyo', na Kiswahili husema 'kulia'. Neno letu limetokana na kitenzi 'kula': mkono wa kulia ni mkono unaotumiwa kulia chakula. Wazee wa pwani husema pia 'mkono wa kuume'. Ukisoma habari za siasa utakutana na 'mrengo wa kulia', msemo uliotokana na Ufaransa mwaka 1789, pale wajumbe waliomuunga mkono mfalme walipoketi upande wa kulia wa mwenyekiti wa bunge. Hapa hakuna anayepotea njia.

Maana ya pili ni usahihi. Mfilipino husema 'tama'. Usilichanganye na 'tama' la Kiswahili, ambalo ni shavu la mwenye huzuni anayeshika tama. Neno lao hutumika pia kwa kitu kilichopiga shabaha, na 'tama na' maana yake ni "basi, imetosha". Kiswahili nacho kina wazo la kupiga shabaha: mwanafunzi akijibu vema humwambia, "Umepatia!" Twaweza kusema pia "jibu lako ni sahihi", "hesabu hii ni sawa" au "umesema kweli". Kiganda kina 'kituufu'. Usahihi, basi, ni sifa ya jibu, ya kauli au ya tendo. Leo unao, kesho waweza kuukosa.

Maana ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kiswahili husema 'haki', Kiganda husema 'eddembe', neno linalobeba pia wazo la uhuru, na Kitagalogi husema 'karapatan'. Sura ya katiba ya Ufilipino inayoorodhesha haki za raia huitwa kwa lugha yao 'Katipunan ng mga Karapatan', yaani mkusanyiko wa haki. Haki za binadamu huitwa 'karapatang pantao', na ndani yake mna neno 'tao', yaani mtu. Waganda husema 'eddembe ly'obuntu', na ndani yake umo utu. Sisi twasema 'haki za binadamu', na ndani yake yumo mwana wa Adamu. Tazama, msomaji: lugha zote tatu zimezifunga haki hizi kwenye ubinadamu wa mtu, wala hazikuzifunga kwenye usahihi wake.

Kiingereza, kwa kutumia umbo moja, hufanya kuwa sahihi na kuwa na haki vionekane ndugu wa tumbo moja. Anayefikiri kwa umbo hilo hilo huteleza kwa urahisi na kuamini kwamba aliyekosea amepoteza haki. Fikiri juu ya kijana anayeshikwa sokoni na mkoba usio wake. Wizi wake hauna usahihi wowote, lakini anayo haki ya kufikishwa polisi akiwa hai, kusikilizwa na mahakama, na kuhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Ndivyo inavyosema ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Umati unaomrukia kwa mawe hujiona uko sahihi kwa kuchukia wizi. Hata hivyo, haki ya kumhukumu umati huo hauna.

Geuza sarafu uone upande wa pili. Huenda ni kweli kabisa kwamba jirani yako hajakulipa deni lako. Uko sahihi. Lakini usahihi huo haukupi haki ya kuingia nyumbani kwake usiku na kubeba redio yake.

Sidai kwamba Kiswahili kimetenganisha kila kitu. Neno 'haki' tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao hubeba pia maana ya ukweli, na mtu anapoapa "Haki ya Mungu!" mwangwi wa maana hiyo husikika. Tena neno hilo hufanya kazi mbili: "nina haki ya kusoma" na "mahakama imetenda haki". Kwa maana hii ya pili Wafilipino wana neno jingine, 'katarungan'. Kwa hiyo, usomapo, tazama jirani za neno. Penye "-na haki ya" ikifuatwa na kitenzi, pana stahili ya mtu; penye "tenda" au "toa", pana uadilifu. Na usiseme "mimi ni haki". Sema "nina haki" au "niko sahihi", ukijua ni lipi kati ya hayo unalodai.

Kuna jambo moja zaidi la kujifunza kwa Wafilipino. Ndani ya 'karapatan' mna mzizi 'dapat', wenye maana ya kupaswa, yaani lililo lazima litendwe. Ni kana kwamba lugha yenyewe inakumbusha kwamba haki ya mmoja ni jambo linalompasa mwingine. Katiba ya Tanzania huziweka pamoja chini ya kichwa kimoja, "Haki na Wajibu Muhimu". Haki yako ya kusikilizwa hailindwi mpaka mimi nitimize wajibu wangu wa kunyamaza na kukusikiliza.

Wahenga walisema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Hawakuuliza kwanza kama mnyonge huyo alikuwa sahihi. Basi katika mdahalo ujao wa darasani, mwenzako akitoa hoja mbovu, mwambie wazi kwamba amekosea, kisha mwache amalize kuisema.