AFYA YETU: Shaba kwenye sahani

Mama mmoja alituuliza darasani: mtoto anapewa dawa ya damu, mbona viganja bado vyeupe? Tukamwambia arudi zahanati akapimwe, maana si kila upungufu wa damu ni wa madini ya chuma. Upo wa shaba pia, ingawa ni nadra. Ndiyo, shaba ileile ya nyaya! Ikikosekana, damu hupungua, mifupa ya mtoto hulegea, na mtu mzima miguu hufa ganzi. Huko Peru, mwaka 1964, madaktari waliandika juu ya watoto wenye utapiamlo waliokosa shaba kwa kulishwa maziwa tu muda mrefu. Maharage, karanga, ufuta na maini vinayo. Halafu vile vidonge vya zinki vya kuhara: siku 10 hadi 14, basi. Vikizidi vinazuia shaba. Vya mtoto wa jirani msiazime.