Ufagio na Mimbari

Kabla ya alfajiri kuingia, yuko mtu aliyekwisha kuamka. Hufungua milango ya msikiti, hufagia, hukung'uta majamvi, hutazama kama maji ya birika yametosha, ndipo wenye usingizi waitwapo. Kanisani naye yuko mwenziwe, afutaye vumbi la viti, awashaye mishumaa na avutaye kamba ya kengele. Watu hao wawili hawajuani, na dini zao ni mbali mbali, lakini wamepatwa na dhuluma moja. Ibada ikisha, husifiwa aliyesalisha, husifiwa aliyehubiri, husifiwa aliyetoa sadaka kubwa, wao hawatajwi.

Wako wenye elimu waitetea dhuluma hii kwa hoja. Husema kuwa ibada ni sala, na kufagia ni maandalio tu. Kwamba ufagio hauna dini, na afagiaye msikiti hana tofauti na afagiaye soko. Alipwe ujira wake, na deni limekwisha. Hoja hii ina sura ya akili, walakini ikishikwa mkononi huvunjika.

Huvunjwa kwanza na sheria ya sala yenyewe. Mwanafunzi wa fikihi husomeshwa mlango wa tohara kabla ya mlango wa sala. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, mwili sharti uwe tohara, nguo iwe tohara, na mahali pawe tohara. Bila ya hayo sala haisihi, ijapokuwa mwenye kuisali amehifadhi Kurani nzima. Itawezekanaje, basi, sharti la sala liwe ndani ya dini, na mtu alitimizaye awe nje yake? Waliojenga miji ya kale waliijua maana hiyo. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, msikiti mkuu umejengwa pamoja na kisima na birika lake la kutawadhia. Kisima hakijiteki maji. Kila sala iliyosaliwa humo kwa udhu wa maji yale ilikuwa na mkono wa mtu aliyeshika kamba ya ndoo.

Huvunjwa pili na mwendo wa Mtume mwenyewe. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alikuwako mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Madina; na msimulizi mmoja alishuku kama alikuwa mwanamke au kijana mwanamume. Akafa. Masahaba wakamzika bila ya kumpa Mtume habari, kama kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa aliuliza, akaambiwa amekufa; akalaumu kwa nini hakuarifiwa, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda kumsalia huko. Waliosema kuwa jambo la mfagizi ni dogo hawakuwa wajinga wala waovu. Walikuwa watu wema wa zama zile. Walakini walikosa, na kosa lao likasahihishwa mbele ya kaburi. Alisemaye leo hulirudia kosa lililokwisha kusahihishwa.

Mbishi aliyesoma zaidi hukimbilia aya ya 19 ya Sura ya Tawba, ikataayo kuwa kuwanywesha mahujaji maji na kuuamirisha Msikiti Mtukufu ni sawa na kumwamini Mungu na kupigana katika njia yake. Ndiyo, aya yasema hivyo. Lakini haikuwashusha watekaji wa maji. Katika Makka kunywesha mahujaji kulikuwa cheo cha kujivunia, na koo za Makureshi zilishindana kwa vyeo kama hicho. Aya yamkemea ageuzaye utumishi kuwa kiti cha enzi. Basi yamwelekea mwenye kiburi zaidi kuliko mwenye ufagio.

Wakristo nao wana funzo lao. Kwa karne nyingi katika Kanisa la Kilatini, ungoja mlango ulikuwa daraja takatifu miongoni mwa madaraja madogo. Aliyeipokea aligusishwa funguo za kanisa, akafungua mlango na kuufunga, akapiga kengele. Lakini daraja hiyo ikawa kidato cha ngazi ya upadri. Kijana alikikanyaga ili apande, na funguo zenyewe zikabaki katika mikono ya mtu asiye na daraja yo yote. Papa Paulo wa Sita alipoiondoa mwaka 1972, aliondoa jina ambalo kazi yake ilikwisha kulihama zamani. Hali kadhalika kuosha miguu siku ya Alhamisi Kuu: mwaka 1955 kuliruhusiwa kufanywa ndani ya misa, na mwaka 2016 Papa Fransisko aliruhusu wanawake nao waoshwe. Ni ibada njema. Walakini miguu ioshwayo mara moja kwa mwaka haiwezi kuwa fidia ya mtu asahauliwaye siku nyingine zote.

Iko hoja moja nzito kuliko hizo, nayo hutoka upande wa pili. Husemwa kwamba kuutukuza utumishi mnyonge ni hila ya wakubwa; maskini hupewa sifa ili asidai haki, huambiwa pepo ni yake ili asiulize mshahara. Hofu hii si ya bure. Katika pwani hii utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Palipokuwa na watumwa, kuteka maji na kufagia kuliangukia migongo ya watu wasioulizwa kama wapenda. Mtumishi wa namna hiyo aliweza kusifiwa subira yake na kunyimwa darasa. Habib Swaleh wa Lamu, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha, hakumbukwi kwa kuwasifu wanyonge. Hukumbukwa kwa kuwafungulia elimu ambayo wengine waliifanya mali ya nasaba.

Jawabu la hofu hiyo si kuudharau utumishi. Ni kuutoa katika sifa na kuutia katika matendo, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Kama kufagia nyumba ya Mungu ni heshima, heshima hiyo haiwezi kuwa ya maskini peke yao. Imamu na ashike zamu yake, na mzee wa kanisa naye ashike yake, mbele ya macho ya watu. Kama mfagizi ni mtumishi wa ibada, alipwe bila ya kuombaomba, akae darasani pamoja na wanafunzi, aulizwe rai katika shauri la msikiti au la parokia. Akikataa mkubwa kuinama, amekiri kwa mgongo wake kwamba sifa aliyoitoa kwa ulimi ilikuwa uongo.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Waulizwe waumini jina la mhubiri wao, watalitaja upesi. Kisha waulizwe jina la yule awafunguliaye mlango alfajiri, na siku ambayo hakuonekana, nani alikwenda kumtazama.