Pilau ya Noeli ipikwe siku ileile

Katika familia nyingi pilau ya Noeli hupikwa usiku wa mkesha, sufuria ikafunikwa na kuachwa jikoni hadi wageni wafike mchana. Husemwa: itapashwa moto, itakuwa salama. Hapo ndipo tunapojidanganya.

Mchele mara nyingi huwa na vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Sufuria kubwa hukawia kupoa katikati, na katika uvuguvugu huo vijidudu huzaliana na kutoa sumu. Kupasha moto huua vijidudu, lakini sumu ya kutapisha hubaki. Mlaji huweza kutapika ndani ya muda wa saa 6, na watoto wadogo ndio huishiwa maji mwilini upesi.

Kwa maoni yangu, usiku wa mkesha tuchambue mchele, tumenye vitunguu saumu na kutwanga viungo. Kupika kuanze asubuhi, akina baba na vijana wakisaidia. Anayelazimika kupika mapema, na ana jokofu, aitandaze pilau kwenye sinia pana ipoe upesi, iingie jokofuni kabla ya muda wa saa 2 kupita. Afadhali wageni wangoje kidogo kuliko kuwauguza.